Mama wa Kando ya Barabara

Hopkins, Jumapili, 14 Agosti 2016

Daftari langu, niwie radhi. Tangu Pasaka sijakufungua. Nilikuwa na manung'uniko tu, na leo yamezidi.

Mwanangu Elia na mkewe Megan wamerudi kutoka fungate huko Serengeti. Walilala siku nne katika hoteli ya mahema porini. Walipita Karatu kwenda na kurudi, na dada yangu Naomi anakaa papo hapo, kando ya lami. Alijua siku. Alipika, akanunua kanga ya kumfunika bibi harusi.

"Mbona hamkuingia?" nilimuuliza Elia.

"Baba, ratiba ilibana. Tungechelewa simba wa jioni."

Simba!

Kisha Megan akanionyesha picha kwenye simu: tembo, twiga, halafu mama mmoja kando ya barabara, ameinua kanga mpya kwa mikono miwili.

"So sweet," alisema. "Alitupungia."

"Elia," nikasema, "huyo ni shangazi yako."

Aliikuza picha kwa vidole viwili. "Nilikuwa mdogo tulipoondoka, Baba. Sikumjua."

Kosa hilo ni langu pia. Nani alimlea huku ughaibuni?

Wananitaka nihamie kwao Golden Valley. Chumba wamekwisha kukipaka rangi. Naomi naye amenitengea chumba huko Karatu. Kwenye simu hakulalamika, aliuliza tu kama bibi harusi aliiona kanga. Nikamjibu kwamba aliiona.

Nitaandika tena nikishaamua ni chumba kipi.