Pini Nane Mgongoni

3 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni. Madobi wa hoteli hii tuko wanne tu na mashuka hayaishi. Binti yangu, Chiriku wangu, hajambo? Bado anaongea mpaka usingizini?

Nimemtumia gauni la bluu lenye mifuko, la kutimiza miaka saba. Mvishe, umpige picha. Nguo zilizombana usizirundike kabatini, nakujua. Zipeleke kwenye kile kituo cha watoto yatima jirani na kwako, ziwafae wenzake.

Bosi anataka nisaini miaka mitatu mingine, nijibu kabla ya mwisho wa Aprili. Naona nikubali. Hii mitatu imepita kama mchezo, na Chiriku bado mdogo, hata hatajua.

Mwanao

22 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale, yanaanza kulalamika kabla sijakanyaga cherehani. Mjukuu wangu mzima, mdomo ndio usiseme. Picha hiyo hapo.

Kituoni nimepeleka mfuko mzima. Mlezi wao alishangaa nguo zilivyo mpya, nikamwambia mjukuu wangu hachafui. Mungu anisamehe, mtoto yule anaweza kuchafuka akiwa amelala.

Kuhusu kusaini, amua wewe. Mimi sina neno.

Mama yako

14 Machi

Mama,

Shikamoo, na pole na magoti. Picha nimeibandika ukutani, juu ya meza yangu ya pasi. Gauni limemkaa utadhani nilimpima! Wenzangu wote wamesifu, nami nikavimba kichwa: niko mbali, lakini mwanangu namjua. Nimenunua mengine matatu saizi hiyo hiyo, nitayatuma mwezi ujao.

Ila mbona kila picha amegandana na ukuta? Nani anamtisha? Siku nyingine asogee mbele.

Bosi nimemwambia nitasaini.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi, natumaini mikono imepona. Leo namwaga mtama, na ukinikasirikia nimestahili.

Magauni hayo usiyatume. Nguo zako zote hufika zikiwa ndogo. Mwanzoni nilifumua mishono ya ubavuni nikaongeza vitambaa. Fundi wa miaka arobaini nishindwe na gauni? Nikashindwa. Hilo la bluu halikufunga kabisa, mgongo wote ulikuwa wazi, nikalishikiza kwa pini nane. Hata kwenye picha za nyuma zilikuwepo pini, ndiyo sababu ya ukuta.

Na zile nguo za kituoni, nyingi Chiriku hakuzivaa hata siku moja. La bluu sasa analivaa binti wa miaka minne pale, limemkaa hasa. Nilikuficha kwa sababu niliogopa utalia huko peke yako.

Siku ile ya picha Chiriku aliniuliza, "Kwani bibi, mama huwa anamnunulia nani?" Nikamwambia asitikisike, pini zitamchoma.

Ndani ya bahasha kuna utepe. Nimeukata kuanzia utosini kwake hadi kisiginoni. Acha ncha moja iguse sakafu, uone nyingine inakufika wapi. Sikwambii usisaini. Nakwambia pima kwanza.

Mama yako

8 Mei

Mwanangu,

Hujambo huko? Mwezi mzima kimya. Chiriku anauliza, nami kila siku nazua jibu jipya. Kama ni hasira, basi andika hata hiyo hasira.

Mama yako

20 Mei

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Sikukasirika. Nililia, kama ulivyoogopa, na kila nilipoanza kuandika nililia tena.

Nilisimama na utepe kwenye chumba cha pasi nikidhani utaishia kiunoni. Umenifika kifuani, mama. Bosi alikuja na karatasi, nikamrudishia kalamu yake.

Nafika tarehe kumi na mbili Juni. Yale magauni matatu nakuja nayo. Utanipeleka kituoni nimwone binti wa gauni la bluu, nimpe kwa mkono wangu.

Chiriku sijamnunulia kitu, hata soksi. Akiuliza tena, mwambie nilikuwa namnunulia mtoto wa miaka minne aliyekuwa amelala nilipoondoka. Wewe usimpime wala usibane pini popote. Weka tu futi yako mezani, nitampima mwenyewe.

Mwanao