Suruali ya Marehemu

Ushirombo,
9 Agosti 1981

Dada yangu Generosa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Chato, wewe na shemeji, pamoja na mwanangu Tereza unayenilelea. Je, kifua chake kimepona? Mimi mwili haujambo, ila moyo umejaa nyongo, na nisipokumiminia wewe nitapasuka.

Uliniuliza habari za mafunzo yetu ya wajane wa vita. Dada, ungecheka. Mwalimu wetu, Bibi Febronia, aliletwa kutoka mjini na viatu vya kisigino vinavyozama kwenye mchanga wetu kama jembe. Miezi ya kwanza yote alitufundisha kudarizi vitambaa vya makochi. Makochi! Sisi tunaokalia vigoda. Vyerehani vilifunikwa turubai, vikisubiri wageni waje kupiga picha navyo. Na alikuwa akituita "akina mama wenye bahati mbaya," kwa sauti ile ya kumbembeleza mbuzi anayepelekwa kuchinjwa.

Aliyemkomesha ni Limi, mjane kutoka Songwa, mwanamke asiyejua kunong'ona. Siku moja alilivuta turubai, akaketi kwenye cherehani, akasema mume wake hakufa vitani ili yeye adarizi maua. Bibi Febronia alifoka, lakini sote tulikuwa tumeshasimama nyuma ya Limi. Tangu hapo tukafundishwa kukata na kushona. Sasa nashona sare za shule, na kola zangu hazipindi. Siku za gulio tulikuwa tukipeleka vyerehani sokoni, watu wakituletea kazi.

Sasa kaa chini kwanza, dada, ndipo uendelee kusoma.

Gulio lililopita walishuka wachimbaji dhahabu kutoka Geita, mifuko imejaa na midomo imejaa zaidi. Mmoja alinitupia suruali iliyochanika gotini, akasema, "Mama, nitilie kiraka, nina haraka." Niliinua uso. Alikuwa Herman.

Ndiyo, Herman mume wangu, ambaye wenzake walisema alizama Mto Kagera, tukamlilia bila maiti, nikanyoa nywele. Amenenepa. Hakuzama popote. Alitoroka jeshi kabla hata ya kusikia mzinga, akajificha machimboni, na huko anaishi na mwanamke anayewapikia wachimbaji. Unadhani aliona haya? Alikitazama cherehani kabla ya kunitazama mimi. Akaninong'oneza ninyamaze, asije akakamatwa, kisha akasema nimfuate Geita, maana kule fundi wa nguo ni adimu, naye angenitafutia kibanda. Hakuuliza kama Tereza yu hai au amekufa.

Nilimrushia nguo yake. "Suruali ya marehemu haishonwi," nikamwambia, kwa sauti iliyosikika soko zima. Shujaa wetu akatimua mbio. Nadhani ndizo mbio zile zile alizopiga alipowatoroka wenzake jeshini.

Mama mkwe alinisihi nifiche, jina la mwanawe lisichafuke. Nilikataa. Kesho yake nilisimama darasani nikasema kwamba mimi si mjane. Bibi Febronia, kwa furaha aliyoshindwa kuificha, akanitoa papo hapo: mafunzo ni ya wajane tu. Limi akaruka na "yaya" yake, hapana ya Kisukuma, akasema mume wa namna hiyo amekufa zaidi ya wa kwake. Haikusaidia kitu. Lakini ufundi uko mikononi mwangu, Bibi Febronia hawezi kuukwangua. Fundi Donatus wa hapa sokoni ameniachia cherehani chake cha pili, na wateja wamenifuata.

Kwa hiyo, dada, usimwambie tena Tereza kwamba baba yake alikufa vitani. Ni mkubwa sasa, atabeba. Mwambie yupo Geita, mzima, mnene. Na akiuliza kwa nini harudi nyumbani, usimtungie uongo mwingine: mwambie mama yake amemkataa mume huyo. Mvua za kwanza zikianza nitakuja kumchukua, aishi nami.

Nisalimie shemeji na majirani wa hapo ziwani. Mungu awatunze hadi tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Euphrasia, fundi cherehani