Mwisho wa Hadithi Yako Hauna Kufuli

Mke wangu Bibi,

Shikamoo. Najua ungesema mume hamwamkii mkewe, lakini siku hizi umelala chini ya udongo wa Goweko, na mimi nimekuwa na adabu kidogo. Kidogo tu, usichangamke.

Ni mimi, mjukuu wako mzuri kuliko wote, niliyeiaga shule kidato cha pili kwa kuwa walimu walishachoka kushindwa nami. Sasa nipo Tabora mjini, kwenye kibanda cha Shabani fundi simu. Yeye anafungua simu za watu, mimi nafungua mdomo. Wateja wasipokuwepo tunacheza gemu za mtandaoni, zile za safari: unavuka mapori, unatafuta hazina, unapigana na majitu. Hapa mjini hakuna wa kunishinda, muulize yeyote.

Ila nikwambie kitu. Unaweka bando, unaingia, hadithi inaanza vizuri. Umefika pazuri, mlango wa pango umefunguka, sauti inakuita, paa! Kufuli. Lipia ujue kilichomo. Unalipia. Kilichomo ni pango jingine, lenye mlango mwingine na kufuli jingine. Mara ya kwanza nilicheka mpaka Shabani akaniuliza kama nina malaria.

"Huyu ni bibi yangu," nikamwambia. "Bibi yangu mtupu, kasoro ugoro."

Kwani si ndivyo ulivyotufanya? Msimu wa tumbaku, majani yamelundikana mbele ya bani, sisi wajukuu tumekaa kwenye magunia tunayafunga kwenye fito ili yaingizwe ndani yakaushwe kwa moto. Unaanza habari za yule mpagazi wa misafara ya zamani, aliyetwishwa mzigo Ujiji aupeleke pwani, akakatazwa kuufungua. Kila kambi mzigo unazidi uzito. Akifika hapa kwetu Unyanyembe anautua, anashika kamba aifungue... unanyamaza. Unatazama fito.

"Bibi, halafu?"

"Halafu mikono yenu imesimama."

Mchawi wewe! Tulifunga tumbaku kama tumerogwa. Lakini haki yako nikupe: kazi ikiisha, mwisho ulikuja. Na aliyesinzia aliamshwa kwanza, hata kama ndiye alikuwa mvivu wa siku hiyo (simtaji, ni mzuri wa sura). "Mwamsheni mume wangu, asije akabaki njiani." Hukuwahi kutupa pango jingine.

Nilipomsimulia Shabani hayo, aliacha simu ya mtu wazi mezani. Kumbe alikuwa anajifunza kutengeneza gemu kwenye kompyuta yake, ila hadithi hana. Tukakubaliana: michoro yake, maneno yangu. Tukaanza na mpagazi wako, tukaenda vizuri mpaka kwenye kamba.

"Haya, ndani mna nini?"

Hapo nikakwama, Bibi, maana kila msimu ulitoa mwisho mwingine. Mwaka mvua ilipogoma, mzigo ulikuwa mbegu. Mwaka mjomba alipogombania mpaka wa shamba na jirani, ulikuwa mawe: kila tusi alilotukanwa njiani mpagazi alikuwa ameliokota, likawa jiwe. Nilidhani unasahau. "Mke wangu umezeeka, hata uongo wako huukumbuki." Ukanijibu, "Na wewe husikilizi, unahesabu meno yangu." Sasa ndiyo naelewa. Ulitutazama kwanza, nani ana nini moyoni, ndipo ukaufunga mzigo. Gemu hata uilipie vipi, haijui kama aliyeshika simu ameshiba au ana njaa.

Na mwaka mama alipopanda treni kwenda Mpanda kutafuta kazi, akakawia, habari zake hatuna, mpagazi alifungua mzigo akakuta mkeka wake wa kulalia na chungu cha nyumbani kwake. Akajiuliza, "Mbona nabeba nyumba yangu kwenda mbali nayo?" Akageuka, akarudi. Wenzangu walilalamika kwamba hakuna fisi. Mimi nikasema moshi wa bani umeniingia machoni, na wewe ukaitikia, ndiyo, leo una moshi mbaya. Bani lilikuwa bado halijawashwa.

Nilimpa Shabani mwisho huo. Akapiga meza. "Hapa ndipo kufuli! Atakayefika hapa hawezi kuacha, atalipa tu."

"Hapana."

"Kwa hiyo tutakula hadithi?"

"Shabani, kuna mtoto Kaliua huko, au Lusu, ameazima simu ya mjomba wake, na mama yake hayupo. Anafika kwenye kamba. Unamwambia nini?"

"Namwambia alipe."

Nikamwambia basi abaki na michoro yake, mpagazi naondoka naye. Tukanuniana siku nzima, na mimi kununa siwezi, mdomo unauma. Ukweli na yeye alikuwa na haki: kibanda kina kodi, umeme haununuliwi kwa machozi. Jioni akaja na chai ya tangawizi. "Kofia," akasema. "Anayetaka mpagazi wake avae kofia nyekundu, alipe. Na viatu. Safari na mwisho, bure." Nikamwambia ana akili karibu kama zangu.

Wa kwanza kuicheza alikuwa mama. Alirudi zamani, unajua, lakini habari za Mpanda hakuzisema, na sisi hatukuuliza. Nilimpelekea simu Goweko. Akabonyeza kwa kidole kimoja kama anajaribu chungu cha moto, kambi kwa kambi, hadi kwenye kamba. Akafungua. Akaona mkeka na chungu.

"Hii alisimulia nani?"

"Mama yako. Ule mwaka ulipokuwa Mpanda."

Akafuta kioo kwa kanga, ingawa kilikuwa safi. Halafu akasema, akiitazama simu na siyo mimi: "Kila Jumamosi nilikuwa nakwenda stesheni. Naangalia treni ya kuja huku inaondoka, halafu narudi kupika kwa watu."

Bibi, mdomo wangu wote niliuweka kando. Nilisogea tu karibu naye. Akaendelea kusema, na sikumkatiza hata mara moja.

Pumzika, mke wangu. Na huko uliko usikubali posa ya mtu, mimi bado sijakupa talaka.

Mumeo asiyetoa mahari,
mjukuu wako.