Mnyauko Nyuma ya Jikoni

Jumapili, 4 Mei

Nimefunga nyanya kwenye vijiti tangu asubuhi. Mashina arobaini, yote yamesimama. Machipukizi ya pembeni nimeyakata kwa wembe. Maua yameanza. Rinagu, mnavu wetu, iliyojiotea katikati ya mistari sijaing'oa. Nani hung'oa mboga? Nimeichuma ya jioni, nikaipika kwa maziwa. Nyambane amekula akanyamaza. Mume wangu akinyamaza mezani, ujue kimeiva.

Kipande hiki cha shamba ni cha baba mkwe. Alinipa kwa msimu mmoja, hadi mwisho wa Julai, na hata hilo lilipitia kinywa cha mama mkwe, maana mimi na yeye hatupigi gumzo. Ni heshima. Nyanya zikikataa, anapanda majani ya ng'ombe. Nazitaka zikubali. Miaka sita kwenye boma hili na sina hata tuta ninaloweza kuliita langu.

Jumanne, 6 Mei

Shina moja la mstari wa juu limelegea mchana. Jua, nadhani. Jioni limesimama tena.

Jumatano, 7 Mei

Limelegea tena, pamoja na jirani yake. Mvua imekuwa ikinyesha kila alasiri, basi nikaamua ni baridi, ule ugonjwa wa madoa meusi. Nimeenda Nyamache kununua dawa. Muuzaji aliuliza kama majani yana madoa. Nikasema yanayo. Sikuwa nimeangalia.

Nimenyunyizia yote arobaini, juu na chini ya majani. Mgongo unauma.

Ijumaa, 9 Mei

Matano sasa. Leo nimeangalia majani moja moja, kama mtu anayetafuta chawa. Hakuna doa hata moja. Mabichi kabisa, na yananing'inia. Dawa yote ile bure. Nimejikasirikia. Nimekata machipukizi mstari hadi mstari, wembe ule ule, angalau mikono iwe na kazi.

Mama mkwe alipita. "Baba yako ameziona akiwa barabarani. Anauliza kama zimelala."

Nikamwambia ziko sawa. Kiburi tu.

Jumamosi, 10 Mei

Sabato. Sigusi jembe. Mchungaji alisoma habari za mzabibu na matawi, mimi nikawa nahesabu mashina kichwani. Baada ya chakula nilisimama mlangoni, mikono nyuma, nikatazama. Saba. Kuuliza si ujinga, wanasema. Lakini anayejua mambo haya hapa ni Baba, aliyelima nyanya ujana wake wote, na siwezi kumsimamisha njiani nikamhoji. Leo mila imenichosha.

Jumapili, 11 Mei

Nimeng'oa shina la kwanza, nikalitupa njiani kwa hasira.

Saa sita nakuta glasi juu ya kisiki cha mkaratusi, pale ua wetu unapokutana na wao. Ndani maji safi. Kipande cha shina langu kimening'inizwa kwa uzi, na kwenye mkato kunashuka kitu cheupe, chembamba kama maziwa. Nikajua ni nani. Baba hawezi kukanyaga nyuma ya jiko la mke wa mwanawe, kwa hiyo ameokota nilichotupa na kuniletea darasa kisikini.

Mama akaja kueleza. "Hiyo si baridi, Kerubo. Ni mnyauko, hayo maziwa ndiyo ugonjwa wenyewe. Iko kwa udongo. Viazi zetu zilioza hapo hapo, ukiwa hujaolewa bado."

Alijua! Alijua na bado akanipa. Nimelia jikoni, na si moshi.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemuuliza Mama mbona hawakusema. Baba alidhani mahindi ya miaka yote hiyo yameusafisha udongo. "Lakini rinagu haikutoka," akasema Mama. Rinagu, viazi na nyanya ni ukoo mmoja. Ugonjwa ulikaa kwa mmoja ukimngoja mwingine. Na rinagu hiyo nimeipalilia mimi, nikaisifu mimi. Na wembe nimeutembeza mimi, kutoka shina gonjwa hadi shina zima. Sasa nitamlaumu nani peke yake?

Maagizo ya Baba yamekuja kwa Mama: ng'oa zilizougua pamoja na udongo wake, choma. Majivu mengi kwenye mashimo. Mtaro juu, maji ya mvua yasipite kwenye wagonjwa yakawashukia wazima. Jembe na wembe kwenye maji yanayochemka. Rinagu yote itoke.

Hapo kwenye rinagu mkono wangu uligoma. Mama akainama akang'oa mche wa kwanza. "Nimeikula tangu nizaliwe," akasema, akang'oa wa pili. Tumemaliza pamoja.

Nyanya kumi na moja zimechomwa, pamoja na ile niliyoitupa njiani. Zimebaki ishirini na tisa.

Alhamisi, 15 Mei

Mbili zaidi. Ishirini na saba. Mtaro umeisha, viganja vimechubuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeanza kwenye ukuta.

Saa tisa mvua kubwa. Nimesimama na gunia kichwani nikiangalia maji. Yamefika kwenye mtaro, yakakata kona, yakapita pembeni. Nimecheka peke yangu. Nyambane anasema nimepata wazimu wa nyanya. Nimekubali.

Jumapili, 25 Mei

Siku kumi, hakuna lililolegea. Bado siamini, naenda kuangalia kila siku saa sita mchana. Vitunda vimefikia ukubwa wa yai la kwale.

Baba amepita barabarani akapunguza mwendo. Nikainama kama sijamwona, naye akakohoa kama hajaniona. Nampenda mzee yule. Sikuwahi kuliandika hilo.

Jumanne, 3 Juni

Moja limelegea. Nimeling'oa kabla ya chai, nikalichoma, nikamwaga majivu, nikachemsha jembe. Sikulia, sikukimbilia dukani. Ishirini na sita.

Jumatano, 18 Juni

Za kwanza zimeiva. Nimeiosha glasi, nikairudisha kisikini na sufuria ya nyanya kando yake. Sikutuma neno.

Jioni sufuria imerudi pale pale. Ndani, kitambaa kilichofungwa fundo. Nimefungua: mbegu nyeusi, ndogo. Vitunguu. Mnyauko huu hauvigusi.

Vitunguu hukaa kitaluni wiki kama nane ndipo vihamishiwe shambani. Nimehesabu kwa vidole. Katikati ya Agosti. Nikahesabu tena, kwa sababu msimu wangu unaisha Julai. Mtu hampi mbegu za Agosti anayeondoka Julai.

Nimefunga fundo lile vizuri na kuliweka juu ya kabati, mbali na panya.