Sufuria ya Mke wa Mwalimu Mkuu

Mjukuu wangu Mwanamisi,

Huku Jego tu wazima, alhamdulillahi. Bibi yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama uendelee kukataa walimu wenzako huko Korea wanapokualika chakula cha jioni, kwa kuhofia nguruwe na pombe.

Nilipokuwa kijana nikifundisha bara, mwalimu mkuu alinialika kwake kula wali kila Jumamosi. Kwa hofu hiyo hiyo, nilisingizia tumbo mwaka mzima. Siku yangu ya kuhama, mkewe alinionyesha sufuria ambayo haijawahi kuguswa na moto.

“Tuliinunua kwa ajili yako, mwalimu, isichanganyike na zetu. Tumbo limepona?”



Waeleze usichokula, mwanangu, kisha uende. Mimi hata leo sijui wali wa mama yule ulikuwa na ladha gani.

Babu yako