Wafasiri Wawili, Kiti Kimoja

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla fundi wa vibao hajachovya brashi. Mimi na mchumba wangu tulifungua pamoja ofisi ya tafsiri, chumba kimoja juu ya duka la miwani, na kazi yetu inakwenda hivi: mimi nafasiri, kisha yeye ananisomea matini ya asili kwa sauti nami nafuata tafsiri yangu kwa rula mstari kwa mstari, tukimaliza anagonga muhuri wenye jina lake, maana alisema mihuri miwili ingewachanganya wateja, nami nikakubali kwa kuwa mapenzi yalikuwa bado mabichi. Viti ni vitatu, kimoja kimelegea mguu, hivyo mteja akiingia mimi ndiye ninayenyanyuka, nasimama kando ya kabati kama koti lililoangikwa, naye anasema kwa Kiingereza chake cha puani, "This is my assistant," halafu akija kwetu, mbele ya baba, nageuka 'partner', "Mzee, huyu ndiye partner wangu kwa kila kitu," na mama anamwongezea chai.

Sasa tunaweka kibao kipya, fundi akauliza chini ya jina langu aandike nini, mchumba akadakia, "Assistant!" Nikamwambia, "Na kwetu je?" Akacheka, "Wewe nawe! Maneno tu hayo, mbona unayabeba moyoni?" Tangu hapo sili vizuri, nimepekua kamusi zote, naona assistant humsaidia mwenye kazi na partner ni mwenye kazi mwenzake, lakini nikiwa peke yangu najiambia labda moja ni neno la ofisini na jingine la mapenzi, labda ni kiburi cha masomo tu, na wazee wanaketi Jumamosi kupanga harusi, je, niseme au ninyamaze?

Mfasiri wa Kusimama

*

Mfasiri wa Kusimama,

Pole, binti yangu, ila pole yenyewe ni ndogo, usiimalize yote. Msomi mzima unapekua kamusi kutafuta jambo ulilolisimamia kwa miguu yako mwenyewe!

Mchumba wako anayajua maneno hayo kuliko kamusi zako. 'Partner' hulitoa anapoomba. 'Assistant', sifa zinapogawanywa. Asiyejua Kiingereza angeteleza walau siku moja, akakuita partner mbele ya mteja. Huyu hajateleza hata mara moja. Na kama ni maneno tu, yeye aandikwe assistant. Utaona yatakavyobebwa moyoni.

Nawe usijifanye kondoo. Kiti hakukunyang'anya, ulinyanyuka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini nyinyi mmegawana: wewe unainama, yeye anaokota.

Kesho mwambie fundi asubiri. Kachonge muhuri wako, na ulichofasiri kitoke kwa jina lako. Mteja akiingia, kaa. Kile kiti kilicholegea akikalie bwana mkubwa. Kisha asikie mteja huyo, kabla ya Jumamosi, neno lile lile analosikia baba yako. Mchumba akilitamka, wazee waketi. Akishikwa na kikohozi, mwambie baba mapema, wazee wapumzike majumbani kwao, nawe utafute chumba kingine. Usiogope: mwenye kufasiri ni wewe. Wa kukusomea kwa sauti hawakosekani.