Jina Kwenye Kikadi

Jumanne, 4 Februari 2025

Nimepandishwa cheo! Jana mlinzi wa ukumbi wa sanaa, leo mkalimani. Maonyesho ya Haiti yanakuja, mchongaji hajui Kiswidi, na mimi ni Mkongomani wa Tumba, hapa Uswidi, mwenye Kifaransa. Basi.

Mikael, bosi wa maonyesho, amenieleza ustahimilivu wa watu wa Haiti. Dakika arobaini. Tetemeko, njaa, bunduki — na bado wanachora majogoo wa rangi. Nusura alie. Hajawahi kufika huko, lakini ameguswa.

Alhamisi, 6 Februari

Mchongaji amefika. Mzee Hervé, viganja vigumu. Huchoma pipa la mafuta, hulipasua, hulikanyaga hadi liwe bapa, kisha tindo na nyundo. Sisi hapa twalishika kwa glovu nyeupe, kama yai.

Sanamu kubwa kuliko zote ni mwanamke mwenye ndege kichwani. Kikadi chake, kwa Kiswidi: USTAHIMILIVU. Mzee akauliza kimeandikwa nini. Nikamwambia. Akasema kwa upole kwamba huyo ni Denise, dada yake, aliyefunikwa na nyumba katika tetemeko la mwaka 2010. Pipa alilomchongea lilikuwa la Denise mwenyewe, la kukingia maji ya mvua. Hakustahimili, alikufa. Waandike Denise.

Nikamtafsiria Mikael. Akasema jina la mtu mmoja linapunguza ujumbe. Ujumbe! Mzee ananitazama, anangoja jibu. Nikamwambia wamekubali.

Mkataba wangu unaisha Machi. Hiyo ndiyo sababu, nisijidanganye. Naona aibu.

Jumamosi, 8 Februari

Ufunguzi, saa sita mchana. Niko chumba cha makoti, eti natafuta hanga.

Asubuhi nilimwendea Mikael tena, nikakiri kwamba nilimdanganya mzee. Akasema nilifanya vizuri, hiyo ni diplomasia, na kikadi kikabaki vilevile. Miaka miwili hapa, sifa yangu ya kwanza.

Njia ya mwongo ni fupi. Mzee amekuja na suti, simu mkononi. Bado hajaisogelea sanamu, anataka waione pamoja: watoto watatu wa Denise, kwenye video. Kwao ni alfajiri, wameamka makusudi. Amewaahidi kwamba jina la mama yao limeandikwa Ulaya, na kwamba dada wa Kongo atawasomea.

Mikael anagonga glasi, hotuba yake inaanza. Mzee ananiita, mara ya pili sasa. Na nyuma ya sauti yake nawasikia wale watoto wakinisalimia.